Kinachozunguka Ndani

Wifi yangu hakuwahi kuchora mtu akamwacha atulie. Alikuwa anampa kupepesa macho kabla hata hajampa nguo, na hayo macho yalikuwa na maisha yao. Ungeweza kuisimamisha filamu, mtu akaganda mguu mmoja juu na mdomo wazi, lakini macho yakaendelea kupepesa, yakikutazama. Mimi nilikuwa sipendi kubaki peke yangu kwenye kile chumba chake. Nikimpelekea chakula naweka sahani mezani kando ya kompyuta, nageuka, na nikitoka nahisi wale watu wa kwenye kioo wananisindikiza mpaka mlangoni.

"Wifi, hawa watu wako hawalali?" nilimuuliza siku moja.

"Filamu ndiyo imelala," akasema. "Wao hawajaambiwa."

Mimi ni fundi cherehani, mambo ya kompyuta nayasikia tu, kwa hiyo alinieleza kwa namna ya mtu kama mimi. Filamu ina mkanda wake wa wakati, unaanza hapa unaishia pale. Lakini kitu kinachorudia mwendo uleule, kama jicho, au gurudumu, au feni, huna haja ya kukichora upya kila mara. Unakitengenezea mkanda wake mdogo, unakifungia humo, halafu unakiweka ndani ya ule mkubwa.

"Chukulia umepanda basi, umempakata mtoto ananyonya," aliniambia. "Basi lina mwendo wake, mtoto ana wake. Basi likisimama kituoni, mtoto haachi kunyonya. Ukitaka aache, umwambie yeye mwenyewe. Kumwambia dereva hakusaidii."

"Na ukisahau kumwambia?"

"Hilo ni kosa la wanafunzi. Mimi nililiacha zamani."

Aliisema kwa majivuno kidogo, na alikuwa na haki. Katuni zake hazikuwa za kuchekesha watoto. Zilikuwa za kuta za hospitali na viwanda: namna ya kunawa mikono, namna ya kuinua mzigo bila kuvunja mgongo, mlango gani ukimbilie moto ukiwaka. Mtaani walimwita Mama Katuni, ingawa hakuwa na mtoto wa kumzaa. Mtoto wake alikuwa mume wangu. Mama yao alifariki huyu bwana akiwa bado anakojoa kitandani, na dada mtu ndiye aliyemwogesha, akamkata kucha, akampeleka shule. Nilipoolewa nilikabidhiwa mume pamoja na maelekezo: hali kiporo, usimwamshe kwa kelele, akinuna mwache. Mpaka ana ndevu zenye mvi mbili tatu, bado alimwita "mtoto" mbele za watu, na mimi nilikuwa nanuna kwa niaba yake. Wifi ni wifi, hata akupende vipi.

Sasa huyo mtoto alikuwa anafanya kazi kiwanda cha sabuni. Sabuni hukorogwa kwenye pipa kubwa la chuma, na ndani ya pipa kuna mapanga yanayozunguka. Mkorogo ukiisha, mtu hubonyeza kitufe chekundu, pipa likasimama, kifuniko kikafunguliwa, na mtu mwingine akaingiza mkono hadi begani kukwangua sabuni iliyoganda kwenye mapanga. Huyo wa kuingiza mkono alikuwa mume wangu. Miaka yote ya ndoa yangu, akirudi kazini nilikuwa namtazama mikono kwanza, uso baadaye.

Walikuwa na desturi yao, wakwanguaji. Kabla ya mkono kuingia, ulitangulia mpini wa ufagio. Kwa sababu pipa likisimama, mapanga hayasimami pale pale. Yana uzito wake na mwendo wake, na chini ya povu huyaoni. Ukichovya mpini ukapigwa, unasubiri. Ukitulia, unaingia. Hakuna aliyeandika hilo popote. Mkubwa alimwonyesha mdogo, basi. Mpini wa mume wangu ulikuwa umetafunwa upande mmoja kama mfupa uliopita kwa mbwa, na kila alama pale ilikuwa ya mkono wake uliosalimika.

Halafu zikaja mashine mpya. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Zilifika ndani ya masanduku ya mbao, na kabla hayajafunguliwa, kiwanda kilimwita wifi atengeneze filamu ya kuwafundisha wafanyakazi. Walimpa michoro ya kwenye karatasi tu. Alichora pipa, akachora mapanga ndani yake kwenye mkanda wao mdogo, akachora mfanyakazi, na kwa mapenzi yake akampa yule mfanyakazi pua ya mdogo wake.

Jumapili moja mchana alikuja nayo kwetu ili tuione kabla haijaenda. Tukasogeza sahani, akaiweka kompyuta mezani. Mwenye pua akabonyeza kitufe, taa nyekundu ikawaka, pipa likasimama. Mume wangu akainama mbele, akanyoosha kidole karibu kugusa kioo.

"Hapo umepatia, dada," akasema. "Hapo hasa."

"Pua, siyo?" wifi akacheka. "Nilijua utaijua!"

Nami nikasema pua hiyo hata kipofu angeitambua, inaingia chumbani kabla ya mwenyewe. Tukacheka sote, akakirudisha kidole, tukaendelea kula. Nimeirudia meza ile kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema.

Wiki iliyofuata aliipeleka kwa Mkuu wa Mafunzo wa kiwanda. Yalimkuta huko yaliyomkuta, na alinihadithia mwenyewe jioni akijicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Walikaa chumba chenye kiyoyozi, filamu ikarushwa ukutani, wakubwa wote wanatazama. Kitufe kikabonyezwa, taa ikawaka, pipa likasimama. Mkuu wa Mafunzo akainua mkono.

"Mama, kila kitu kimesimama. Hayo mapanga ya ndani yanakwenda wapi?"

Chumba kizima kikacheka. Wifi akatazama, na kweli, mapanga yalikuwa yanazunguka peke yao ndani ya picha iliyoganda. Aliyasahau. Kosa la wanafunzi, alilojisifu kuliacha zamani, mbele ya watu wenye tai. Alisema masikio yaliwaka moto. Hakuuliza kama mashine yenyewe ikizimwa hufanyaje, na wao hawakuuliza, maana mashine zilikuwa bado zimelala kwenye masanduku na hakuna aliyewahi kuiwasha hata moja. Alifungua kompyuta pale pale, akaingia kwenye ule mkanda mdogo, akayaambia mapanga yasimame na wengine. Yakasimama. Wakapiga makofi.

"Nusura niaibike, wifi," aliniambia.

Filamu ikawekwa kwenye televisheni ya ukutani pale wanapokula, ikawa inarudia kuanzia asubuhi hadi jioni. Mashine zikatolewa kwenye masanduku. Na siku chache baadaye mume wangu akarudi nyumbani na mpini wa ufagio begani.

"Nimekuletea mti wa kuegemezea kamba ya nguo," akasema.

"Na kazini?"

"Umepigwa marufuku. Wanasema unaangusha vibanzi kwenye sabuni. Halafu wa nini tena? Hizi mpya unabonyeza, kila kitu kimya. Hujaona filamu?"

"Mimi katuni naziona kwa dada yako. Mashine sijaiona."

"Sasa aliyechora si dada mwenyewe? Dada atanichorea uongo?"

Nikamwambia aurudishe tu, aufiche hata kwenye suruali. Akacheka, akasema wenzake watamwona mshamba, anakwenda kupigana na mashine ya kisasa kwa fimbo. Akauegemeza nyuma ya mlango wa sebuleni. Ulikaa pale. Kila nilipofagia niliusogeza, kila niliposogeza nilipitisha kidole kwenye zile alama. Sikuutumia kwenye kamba ya nguo. Sijui nilikuwa nausubirisha nini.

Yeye alizidi kuchangamka. Alisifiwa kazini kwa wepesi. Alisema mashine mpya haina sauti, unaweza kusinzia umeiegemea. Mimi kitu kikubwa kisicho na sauti sikiamini, nikamwambia hivyo, akanijibu kwamba ndiyo maana alinioa mimi, nina sauti ya kutosha. Kitu kimoja tu kilimkera: kifuniko. Kilikuwa na skrubu nyingi, mpaka uzimalize zote mikono imechoka. Alizilaani skrubu zile kila siku. Laiti angejua zilikuwa zinamfanyia kazi ya mpini wa ufagio. Wakati anahangaika kufungua, mapanga yalikuwa yanamaliza mwendo wao chini huko, na akifungua anayakuta yametulia kama kwenye filamu. Kwa hiyo filamu ikaonekana kweli, siku baada ya siku.

Kisha kiwanda kikaleta vifuniko vipya, vya kufungua kwa mkono mmoja, kwa haraka. Vilifungwa asubuhi moja, na vilitakiwa kuanza kazi na zamu ya mchana ya siku hiyohiyo. Zamu ya mchana ilikuwa ya mume wangu. Wifi aliitwa asubuhi hiyo kuja kuvitazama, achore filamu ya pili.

Fundi alimwonyesha. Akabonyeza kitufe chekundu, taa ikawaka, pipa likasimama, akavuta mshikio, kifuniko kikaruka juu. Wifi akainama kuchungulia na daftari lake la kuchorea mkononi. Ndani kulikuwa na maji ya kuoshea, na chini ya maji mapanga yalikuwa yanazunguka. Bila sauti. Pipa limekufa, taa nyekundu inawaka, na yale yanazunguka tu kama hayajaambiwa.

"Mbona hayasimami?" akamuuliza fundi.

"Yatasimama yenyewe. Kitufe ni cha pipa. Hayo yana mwendo wake."

Alikwenda ofisini kwa Mkuu wa Mafunzo akitembea upesi. Akamwambia filamu ni ya uongo, iondolewe ukutani sasa hivi, na watu waambiwe kabla zamu haijaingia. Yule bwana hakumfokea. Alimkaribisha kiti. Akasema atalifanyia kazi, lakini filamu imeshapitishwa, na wakiwaambia watu leo kwamba hili si kweli, kesho hawataamini hata mlango wa moto. Mama alete marekebisho yake kwa utaratibu. Alikuwa bado anaongea wifi alipotoka.

Simu ya mume wangu iliita mara nyingi bila kupokelewa. Wao huziacha kwenye makabati ya kubadilishia nguo, lakini saa hizo dada mtu alijipa moyo kwamba bado amelala. Akaja kwetu mbio. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, napindisha mapazia ya mteja, nikamwona anaingia bila hodi, jasho linamtiririka, mtandio uko mkononi.

"Mtoto yuko wapi?"

"Ametoka. Leo kawahi, anataka kuona hivyo vifuniko vyao. Kuna nini?"

Alikuwa anatazama nyuma ya mlango. Aliujua ule mpini, alishautania mara nyingi, akiuita mke mwenzangu. Aliutazama, akautazama tena, akakaa sakafuni palepale alipokuwa amesimama.

"Wifi," akasema, "huu unafanya nini hapa?"

Nikamwambia. Kwamba umepigwa marufuku, kwamba filamu imeonyesha hauna kazi, kwamba alisema dada hawezi kumchorea uongo. Nilipofika hapo alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Kisha akaniambia aliyoyaona, kwa maneno machache, na mimi nikauchukua ule mpini bila kujua nauchukulia nini.

Tulikimbia. Wanawake wawili watu wazima, mmoja ana sentimita ya kupimia shingoni, mwingine kichwa wazi, na fimbo mkononi. Kwenye kona ya wauza viatu wakatupigia mbinja. "Mama Katuni, mnakwenda kumpiga nani?" Mmoja akasema huyo hawara leo atakiona. Watu wakacheka, na mimi nakumbuka niliwaonea wivu, kwamba kwao ilikuwa ni mchana wa kawaida.

Mlinzi wa geti alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Mgeni ni kwa miadi, na fimbo haiingii. Wifi akamwambia asubuhi alikuwa humo ndani. Akasema miadi ya asubuhi ni ya asubuhi. Nikamwomba apige simu ndani, amtaje mume wangu, aseme tu neno moja, asiingize mkono. "Nani asiingize mkono wapi?" akauliza, na akaanza kutafuta kalamu.

Hapo kiwanda kikanyamaza.

Nimeishi na mngurumo wa kiwanda kile tangu niolewe. Unausikia ukiwa jikoni, ukiwa kitandani, mpaka unaacha kuusikia. Siku ile ulikatika, kipande kwa kipande, kama mtu anazima taa za nyumba chumba baada ya chumba. Mlinzi akageuka kutazama nyuma yake. Wifi akanishika mkono, kucha zikaniingia.

"Wamebonyeza vyote," akasema. "Kila kitu kimesimama. Lakini lile la ndani bado, wifi. Lile la ndani bado."

Tulimwona akitolewa kwenye machela. Alikuwa macho, uso una rangi ya majivu, na alipomwona dada yake alijaribu kutabasamu, kama mtoto aliyevunja sahani.

Mkono wa kulia ulikatwa juu ya kiwiko. Mkuu wa Mafunzo alikuja hospitali na matunda kwenye mfuko, akasimama miguuni pa kitanda, akasema ajali haina kinga. Nikamwambia kinga ilikuwa nyuma ya mlango wangu, ndiyo hiyo mliyoipiga marufuku, na matunda yake ayachukue. Mama wa kitanda cha pili akasema amina. Sijutii.

Na wifi nilimchukia. Nasema wazi, kwa sababu yeye mwenyewe analijua. Kwa muda mrefu nilikuwa nikimsikia koridoni natoka kwa mlango mwingine. Nilitaka awe amekosea kwa uvivu, au kwa tamaa, ili chuki yangu ipate pa kukaa. Lakini alikosea kwa kuona aibu, na kwa kujua kazi yake vizuri mno, na mtu wa namna hiyo huwezi kumchukia mpaka mwisho. Kilichonimaliza ni kucha. Mtu mwenye mkono mmoja anaweza kujifunza kula, kufunga vifungo, hata kunyoa. Kucha za mkono uliobaki hawezi kuzikata. Niliingia siku moja nikamkuta dada mtu amemshika vidole, anamkata moja baada ya nyingine, kama alivyomfanyia alipokuwa mdogo. Nikavuta kiti.

Kiwanda kilimtaka atengeneze filamu mpya. Nilidhani atakataa. Alikubali, akajifungia kwenye kile chumba chake, na ilipokwisha hakuipeleka kiwandani kwanza. Aliileta kwetu, Jumapili mchana, akaiweka kompyuta juu ya meza ileile.

Mwenye pua akabonyeza kitufe. Taa nyekundu ikawaka. Pipa likasimama, mwenye pua akasimama, hata macho yake, kwa mara ya kwanza, hayakupepesa. Kila kitu kikaganda. Ndani ya pipa mapanga yakaendelea kuzunguka, taratibu, bila sauti, na tukakaa tukitazama, na hayakuacha. Hakuyaambia yaache. Alisema yatazunguka hivyo ukutani kutwa nzima, watu wakila, na akija mkubwa yeyote kumwambia ayasimamishe atatafuta mchoraji mwingine.

Mume wangu alitazama kwa muda.

"Hapo umepatia, dada," akasema. "Si nilikwambia hata mara ya kwanza?"

Wifi akageuka. "Mara ya kwanza ulisema pua."

"Sikusema pua mimi. Pua mliisema nyie, mkaanza kunicheka. Ukutani nilipoyaona mapanga yamesimama nikadhani mashine mpya ndivyo zilivyo, lakini siku ile mimi nilikuwa nakuonyesha hapa."

Akainama mbele kuonyesha. Bega la kulia likanyanyuka, mkono wa shati niliokuwa nimeupinda na kuushona mwenyewe ukasogea hadi karibu na kioo, ukabaki hapo, unaelekea kwenye mapanga. Alisahau. Tukaona anasahau, kisha tukaona anakumbuka. Wifi akafunika uso kwa viganja. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na kompyuta, na nilitaka kuifunga, lakini sikujua namna ya kuyasimamisha yale ya ndani.